Ekseli Mpya za Dokta

Tela lilikuwa limesimama nje ya ghala la kokoto, limeinamia upande mmoja, gurudumu la nyuma kushoto limekaa mshazari. Dokta, aliyekuwa akipita na shughuli zake ambazo hazikuwa shughuli, alifunga breki kwa heshima. Kuna watu wakiona tela bovu huona hasara. Dokta aliona chakula cha mchana, chakula cha jioni, na kama mwenye tela ni mtu wa pupa, suti.

Tumtambulishe kabla hajashuka garini, maana akishashuka hatatupa nafasi ya kusema. Hakuwa daktari wa watu wala wa mifugo. Alikuwa daktari wa ekseli, yale machuma yanayolala chini ya tela na kushika magurudumu huku na huku. Jina alilipata kwa ajili ya bisibisi yake ndefu. Aliiweka ncha kwenye chuma, mpini sikioni, akafumba macho na kusikiliza. Mafundi wa kweli hufanya hivyo kwa mashine inayozunguka. Dokta alisikiliza chuma kilichosimama, na katika miaka yote ya utabibu wake hakuwahi kukuta ekseli iliyo hai.

Biashara yenyewe ilikuwa safi, ukiacha uchafu wake. Alikukuta na ekseli nzima, akatangaza imekufa, akakuuzia nyingine mpya, kisha kwa moyo wa huruma akaondoka na maiti bila kukutoza. Maiti ilioshwa kwa mafuta ya taa, ikapakwa rangi nzito kama uji, ikauzwa kwa mgonjwa anayefuata kama mali iliyotoka ng'ambo juzi. Ekseli za muuza maji zilikuwa chini ya tela la muuza mbao, za muuza mbao zilikuwa kwa mfyatua matofali, na za mfyatua matofali hata Dokta mwenyewe alikuwa ameshasahau zilikokwenda. Ukweli ni kwamba hakuwahi kumiliki ekseli hata moja. Alikuwa akizungusha za watu, na watu walimlipa kwa usumbufu huo.

Kitu kimoja tu maishani alikuwa amekipata kwa jasho, nacho ni pikapu yake. Ilikuwa ya kijani, mlango mmoja wa rangi nyingine. Aliinunua ujanani baada ya kubeba magunia mgongoni miaka minne mizima, kabla hajagundua kwamba maneno hayana uzito. Aliipenda kwa aibu, kama mtu anayeficha tabia njema. Aliiosha kila asubuhi kabla hajanawa uso. Ndiyo iliyokuwa ofisi yake, stoo yake, na mambo yakienda kombo, kitanda chake.

Basi akashuka, akapapasa boneti kidogo, akaenda.

Mwenye tela alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mnene kiasi, amejifunga kitenge juu ya gauni, anachekecha mchanga kwa mikono yake mwenyewe. Machimboni walimwita Mama Kokoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unataka kokoto au mchanga?"

Dokta alisema hataki chochote, ila moyo umemuuma kuona tela zuri namna ile likiteseka bila tabibu. Mama Kokoto akaweka chekecheke chini. Alisema tela limekuwa likipiga kelele kwa wiki mbili, na mwenye trekta anayelivuta amegoma, na yeye ameahidi kupeleka kokoto kwenye jengo la hospitali wiki hii hii. Dokta hakungoja zaidi. Alitandika gunia, akajiingiza chini ya tela, akaweka bisibisi sikioni na kufumba macho muda mrefu kiasi kwamba mama alidhani amelala.

"Zimekufa," alisema alipotoka. "Zote mbili. Ya nyuma imekufa zamani, ya mbele imekufa kwa huzuni."

Kilichokufa kilikuwa beringi ya gurudumu moja, kitu unachokishika kiganjani na kukibadilisha kabla chai haijapoa. Lakini Dokta hakushughulika na vitu vidogo.

"Mwanangu, mbona hizi hazina hata miaka miwili?" mama akauliza. "Zilinunuliwa mpya."

Hapo Dokta akapandwa na hasira ya haki, ambayo alikuwa nayo nyingi kwa sababu hakuitumia. Akapiga ekseli kwa bisibisi. Alisema hizo hazijawahi kuwa mpya tangu siku ya kuumbwa. Alisema ni takataka iliyopakwa rangi, na kwamba mji huu una watu wasio na utu.

"Aliyeuza hizi, mama, si mtu. Mtu wa hivyo ananyang'anywa gari, arudi kwao kwa miguu."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu, viatu mkononi. Mimi ningekuwa hakimu, ningesaini."

Aliyeziuza alikuwa yeye. Lakini wakati ule tela lilikuwa jekundu, lilisimama upande wa pili wa machimbo, na aliyenunua alikuwa mzee mmoja mwenye ndevu. Dokta hakuweka kumbukumbu za wagonjwa. Mama Kokoto naye hakujua. Siku ile alikuwa kwa binti wa dada yake aliyejifungua, na aliporudi alikuta mambo yamekwisha. Alimtazama tu huyu kijana mwenye uchungu na mali za watu, akasema kesho atakuja kuchagua nyingine.

"Na hizi mbovu nitazipeleka wapi?"

"Usihangaike nazo, mama yangu," alisema Dokta kwa sauti laini. "Nitakutupia bure."

Mama Kokoto alishika chekecheke chake, akachekecha kidogo, akakiweka tena. Neno hilo alilijua. Lilikuwa limekaa nyumbani kwake miaka miwili kama mgeni asiyeaga.

*

Kesho yake alifika kwenye banda la Dokta akiwa na kamba yenye mafundo mawili na gunia la kulalia. Ndani kulikuwa na jozi tatu za ekseli zimelazwa juu ya magogo: nyeusi, nyekundu na za rangi ya fedha. Dokta alizieleza kama mshenga anayeeleza mabinti watatu. Nyeusi ni za mtu wa kazi, nyekundu ni za mtu mwenye haraka, za fedha ni za mtu anayejiheshimu.

"Zinabeba tani ngapi?" aliuliza mama.

"Wewe una tani ngapi?"

"Nimekuuliza wewe."

Dokta alitaja namba. Mama alinyoosha kamba yake kutoka ncha hadi ncha ya ekseli, akasema za fedha ni fupi, tairi zitakula bodi. Akapima mahali springi zinapokaa kwenye zile nyekundu, akasema hizo zilikuwa za tela la maji, springi zake zimekaa karibu karibu. Dokta akacheka, akasema mama angekuwa fundi. Mama akasema ameishi na fundi miaka thelathini na mbili, kitu hicho kinaambukiza.

Alipofika kwenye zile nyeusi, hakupima. Alitandika gunia, akalala chali, akapitisha mkono chini ya chuma karibu na mahali pa springi ya kushoto, pale ambapo hakuna mnunuzi anayepagusa. Rangi ilikuwa nzito, lakini vidole vya mtu aliyechambua kokoto maisha yake yote havidanganywi na rangi. Mkono ukasimama. Ukarudi nyuma, ukaanza upya pole pole. Kisha akahamia kwenye ekseli ya pili, akafanya vivyo hivyo.

"Kuna nini, mama?" Dokta aliuliza.

"Mgongo tu. Hizi zimetoka wapi?"

"Kiwandani moja kwa moja. Hazijawahi kubeba hata kikapu. Kwa heshima yako mama, hizi ni bikira."

Mama Kokoto alikohoa, akainuka, akajifuta vumbi. Alisema amezipenda hizo hizo. Ila kule machimboni wana utaratibu wao wa tangu zamani: aliyeuza ekseli ndiye anayevuta mzigo wa kwanza kwa gari lake mwenyewe, asije akasema dereva wa mteja ndiye aliyeiharibu. Malipo ni baada ya hapo. Na karani wa machimbo huandika makubaliano, kwa sababu kuna wenye matela wengine wanne wanaotaka kuona kwanza kabla nao hawajanunua.

Wanne, Dokta alijisemea. Jozi nne. Akajiona tayari ndani ya suti.

*

Sasa tumwache Dokta na suti yake, tumfuate mama nyumbani.

Mumewe alikuwa uani anagonga mguu wa kigoda. Alikuwa amenyoa ndevu mwaka uliopita, na pamoja na ndevu alikuwa amepunguza maneno. Zamani alikuwa fundi wa matela yote pale machimboni. Kila mwaka ulipoisha alijiingiza chini ya tela lake na patasi na nyundo, akaipiga ekseli alama moja, kuishukuru kwa kumaliza mwaka bila kuvunjika. Mkewe alikuwa akimtania: miaka yote hii umenioa, mimi hujanichonga hata herufi.

Kisha akaja tabibu mwenye bisibisi. Mzee alikuwa ameumwa mgongo miezi kadhaa, hawezi kuingia chini ya tela kujitazamia mwenyewe, akaamini alichoambiwa. Alitoa ekseli zake nzima bure, akanunua za watu kwa bei iliyowafanya wauze kitanda kimoja. Wiki ile ile mtu akaziona ekseli zake zikioshwa kwa mafuta ya taa. Machimbo yote yalicheka. Wakamwita Mzee Bure. Fundi wa ekseli aliyeuziwa ekseli. Hadithi tamu namna hiyo haifi haraka. Mzee akaacha kwenda machimboni, na mkewe akashika biashara. Na huyo mkewe, tuseme ukweli, alimwita Bure kuliko mtu yeyote. Chumvi ikizidi, Bure. Mlango ukiachwa wazi, Bure.

Alikaa chini mbele yake, mikono bado ina vumbi.

"Nisamehe, mume wangu."

Mzee aliacha kugonga. "Kwa lipi kati ya mengi?"

"Nimezishika ekseli zako. Kwa mikono hii. Moja ina alama saba."

Mzee akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, "Na nyingine?"

"Sita. Nikadhani nimekosea, nikahesabu tena. Sita."

"Hukukosea. Mwaka ule wa mgongo niliimaliza moja tu, nikashindwa kugeuka."

Alicheka, kisha akafuta macho kwa kiganja, na mkewe akajifanya anatazama kigoda. Aliumia kumwona hivyo. Alikuwa amemdhihaki miaka miwili kwa kosa la kuumwa mgongo.

Mzee alitaka kuchukua nyundo na kwenda moja kwa moja kwenye banda. Mama akasema nyundo ya nini, kijana ameshajihukumu mwenyewe jana, tena kwa kirefu. Kilichobaki ni kumtafutia karani.

*

Siku ya kuvuta, machimbo yalikuwa yamejaa. Wenye matela wanne walikuwepo na matela yao: muuza maji, muuza mbao, mfyatua matofali, na mwanamke mmoja mpole anayekodisha viti vya sherehe. Dokta alikuwa ameosha pikapu mara mbili. Ekseli nyeusi zilikuwa zimeshafungwa, kokoto zimeshapakiwa, na tela limenaswa nyuma ya pikapu kwa pini na mnyororo. Ekseli za zamani, zile zilizokufa kwa huzuni, zilikuwa zimelazwa pembeni zikingoja mazishi.

Dokta alivuta mzigo kutoka machimboni hadi kwenye jengo la hospitali na kurudi na nusu yake, maana mama alisema anataka kuona tela linavyorudi pia. Lilikwenda kimya, halikuyumba. Lazima tuseme kwamba zilikuwa ekseli nzuri sana. Hata Dokta alishangaa, akajutia kidogo bei aliyotaja.

Karani alikuwa mtu mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni. Alisoma alichoandika: kwamba muuzaji anathibitisha ekseli hizi mbili ni mpya na hazijawahi kubeba mzigo wa mtu yeyote kabla ya leo, na kwamba zikionekana sivyo, ataacha gari lililovuta tela, aondoke kwa miguu.

"Kwa miguu?" Dokta aliuliza.

"Si wewe uliyesema?" mama akamkumbusha kwa upole. "Nimependa maneno yako, nikamwambia karani ayaandike. Tunataka watu wakweli kama wewe walindwe."

Dokta alitazama pikapu. Kwa muda mfupi alikumbuka magunia ya mahindi na njaa ya zamani. Lakini alitazama pia wale wanne, wamekunja mikono, wanangoja. Halafu, ekseli gani imewahi kusimama ikatoa ushahidi? Akachukua kalamu, akasaini kwa mkia mrefu.

Karani alipuliza wino, akakunja karatasi. Mama Kokoto akaita kuelekea ghalani.

"Mzee wangu, tuko tayari."

Akatoka mzee asiye na ndevu, ndoo ndogo ya mafuta ya taa mkono mmoja, brashi ya waya na patasi mkono mwingine. Muuza maji alianza kusema, "Ah, Mzee Bu," akamtazama Mama Kokoto, neno likarudi lilikotoka. Tela likapigwa jeki, magurudumu yakaacha ardhi. Mzee aliteremka pole pole kwa ajili ya mgongo wake, akaingia chini.

Dokta alimkumbuka kwa pua. Ile pua aliiona ikitokeza kwenye ndevu. Alitazama upande wa usukani, lakini pikapu ilikuwa imeshikana na tela, na tela liko juu ya jeki, na juu yake kokoto zilizobaki. Hakukuwa na safari hapo.

Brashi ililia muda mrefu. Rangi ikatoka vipande vipande. Mzee akamwita karani, karani akapiga magoti na suruali yake safi, akahesabu kwa sauti mpaka saba. Mzee akampa patasi. Ulimi wa patasi ulikuwa umemeguka katikati, na kila alama pale kwenye chuma ilikuwa na kinundu katikati. Patasi ikaingia ndani ya alama ya kwanza na kutulia, ikaingia ya pili, ya tatu.

"Alama za kiwanda hizo," alisema Dokta. "Kiwanda kizuri kinaweka alama. Nyingine ina alama hizo hizo, mtaona. Saba."

"Sita," alisema mzee kutoka chini.

Brashi ikalia tena. Karani akahesabu, akafika sita, akapapasa mbele na nyuma kutafuta ya saba, akakosa. Alitoka chini ya tela akiwa na mafuta ya taa kwenye kola, akatamka kwamba ni sita.

Hapo ndipo wengine walipoamka. Muuza mbao aliinama kuchungulia chini ya tela la mfyatua matofali, akauliza kama kile kiraka cha kuchomelea si cha ekseli yake. Mfyatua matofali alikuwa ameshaingia chini ya tela la viti. Mwenye viti, yule mpole, alikuwa amelala chali chini ya tela la maji na gauni lake zuri, anasema maneno ambayo hatutayaandika. Ikagundulika kwamba kila mtu alikuwa na ekseli nzima ya jirani yake, na kwamba wote wamelipia kuzibadilishana. Walitoka chini mmoja mmoja, wakamzunguka Dokta.

Dokta alijaribu. Lazima tumpe haki yake, alijaribu vizuri. Alisema naye amedanganywa na aliyemuuzia. Alisema ekseli si zimevuta vizuri lakini, na mteja anataka nini zaidi. Mwisho akaacha ujanja, akasema jambo la kweli, labda la kwanza mwaka ule.

"Mama, pikapu hii niliinunua kwa kubeba magunia. Sikumwibia mtu."

Mama Kokoto alimtazama, na alimwamini. Hilo ndilo lililomfanya afikirie kidogo kabla ya kujibu.

"Mume wangu naye ekseli zake alizinunua kwa kubeba mawe," alisema. "Lete ufunguo, mwanangu. Viatu vaa tu, sisi si wakatili."

Alitoa ufunguo. Ilikubaliwa kwamba pikapu itazunguka, wiki kwa huyu, wiki kwa yule, kwa kuwa wote walishazoea kuzungushiwa vitu. Dokta alisimama, mkono kwenye boneti, hajui namna ya kuaga gari.

Mzee alikuwa amesimama, anajinyoosha mgongo. Akamwendea, akachomoa ile bisibisi ndefu kwenye mfuko wa nyuma wa Dokta kwa adabu, kama anayeazima kalamu. Akaweka ncha juu ya boneti na mpini sikioni, akafumba macho. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Imekufa," alisema. "Lakini usihangaike nayo, mwanangu. Nitakutupia bure."

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka.